Bodi ya Mnadi

Mgeni akielekezwa apeleke redio yake kwa Mama Risasi, kwanza hushtuka. Kisha anaelezwa kwamba risasi yenyewe ni ile waya laini ya rangi ya fedha inayoyeyushwa kwa kichomeo ili vifaa vishike kwenye bodi ya redio, na kwamba mama huyo hajawahi kumtishia mtu, isipokuwa wateja wanaoleta redio waliyokwisha kuifungua wenyewe kwa kisu cha jikoni.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyevuka hamsini. Ujana wake wote uliishia kwenye kiwanda cha kuunganisha redio, katika meza ya mwisho kabisa, pale ambapo bodi zilizogoma kufanya kazi ziliwekwa mbele yake atafute kosa liko wapi. Kiwanda kilipofungwa, wenzake waligombea viti na mapazia. Yeye aliomba chupa za dawa ya kula shaba, vipande vya bodi tupu na boksi la vifaa vilivyokataliwa. Walimcheka hadi getini, naye akacheka nao, lakini boksi hakuliachia.

Aliishi kwenye nyumba waliyoachiwa na wazazi, pamoja na kaka yake na mke wa kaka yake. Chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, ndicho kilichokuwa karakana. Yeye na mke wa kaka waliitana wifi, na kaka alipokuwa na sauti yake hakuacha kumwambia kila mgeni, "Nyumba hii ina wifi wawili, lakini intaneti hakuna." Hakuchoka kuusema utani huo, na wanawake wale hawakuchoka kuguna.

Kaka huyo alikuwa mpiga mnada, ndiyo maana watu wote, mpaka mkewe, walimwita Mnadi. Aliuza vitanda, mabati, baiskeli kuukuu na makochi ya watu waliohama. Sauti yake ilivuka soko zima bila kipaza sauti. Kisha koo likaanza kumkwaruza. Alisema ni vumbi. Akanywa maji ya moto, akanyamaza siku za mapumziko, akarudi kazini. Alipofika kwa daktari, uvimbe ulikuwa umekwisha kuota mizizi. Walikata kisanduku chote cha sauti, wakamwachia tundu chini ya shingo la kupumulia. Tangu hapo mdomo wake ukawa wa kula tu.

Mkewe naye alikuwa amepoteza macho zamani kidogo. Presha ya macho ilimnyang'anya mwanga polepole, pembeni kwanza, halafu katikati, mpaka akabaki akiwajua watu kwa nyayo na kwa kikohozi. Kwa hiyo mumewe alipotoka hospitali bila sauti, hakuweza kumwandikia kitu akasoma, wala kumwonyesha kwa mikono, wala kumsemea kwa midomo tu.

Kilichowaokoa ni kifaa walichopewa na madaktari wageni waliokuwa wakizuru hospitali kubwa. Kilikuwa na umbo la tochi fupi. Mnadi alikibana shingoni, akabonyeza kitufe, kikatetema, naye akachezesha ulimi na midomo, na ule mtetemo ukageuka maneno. Sauti ilikuwa moja, bila kupanda wala kushuka, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Wakakiita Nyuki. Mke alilia siku ya kwanza kuisikia, siku ya pili akaizoea, na haukupita muda wakaanza kugombana kama zamani.

"Afadhali sasa unasema polepole," alimwambia. "Zamani sikupata hata pa kuingilia."

Kwa Nyuki, Mnadi alimsomea mkewe habari, alimtajia rangi za nguo alizovaa, alimhesabia ngazi. Alimpaka rangi ya kucha pia, nyekundu, akimweleza kila kidole kilipofika. Mke alisema hajali kama haioni, wageni wataiona.

Nyuki alikufa kwa maji. Mnadi alikuwa amemning'iniza shingoni kwa kamba, akainama kukamua mashuka, kamba ikakatika, kifaa kikazama kwenye beseni la dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Alikitoa haraka, akakikung'uta, akakianika juani. Kilipoonekana kikavu akarudisha betri bila kumshirikisha dada yake, kwa aibu tu. Kikatetema kidogo, kikapiga kwikwi, kikatoa moshi.

Mama Risasi alikifungua. Kichwa kinachotetema kilikuwa kizima. Bodi ndiyo iliyokuwa maiti. Njia zake za shaba zilikuwa zimeota ukungu wa kijani na kubanduka, na chipu ya katikati imepasuka tumbo. Hata namba za chipu hiyo watengenezaji walizikwangua ili isiigwe. Alikwenda nacho hospitali kubwa akakaa kwenye benchi la idara ya koo mpaka muuguzi mmoja akamhurumia.

"Mama, wale wageni mradi wao uliisha," muuguzi alisema. "Tuna kimoja stoo, nacho kibovu. Kuagiza nje kunawezekana, lakini kinaweza kufika mwakani, na bei yake naogopa hata kuitamka."

Alirudi nyumbani na Nyuki kwenye mfuko wa plastiki, kama mtu anayerudi na vitu vya mgonjwa aliyefariki.

Wakajaribu kuishi kwa makofi. Kofi moja ni ndiyo, mawili ni hapana. Mke alilazimika kuuliza kila kitu kwa namna ya kujibiwa ndiyo au hapana, na mambo ya moyoni hayaulizwi hivyo. "Umekasirika?" Mawili. "Una huzuni?" Kimya. "Huzuni yako ni kwa ajili yangu?" Kimya. Mara nyingine alizungumza kwa muda mrefu kumbe Mnadi alikwisha kutoka chumbani. Wifi yake alimkuta hivyo, anazungumza na kiti, akashindwa kumwambia. Alivua viatu mlangoni, akaingia kwa kunyata, akakaa kwenye kile kiti akamsikiliza mpaka mwisho.

Halafu likatokea la uani.

Ilikuwa alasiri. Mnadi alikuwa upande wa pili wa ua, akianika mashuka kwenye kamba. Jiko la mkaa alikuwa amelitoa mahali pake pa kawaida kwa sababu ya upepo, akaliweka katikati ya njia, na juu yake sufuria ya maji yanayochemka. Mkewe akatoka mlangoni, mkono mmoja mbele, anatembea kwa uhakika kama mtu anayeujua ua wake.

"Mnadi, uko hapo?"

Mnadi aliona mguu wa mkewe unaelekea wapi. Alifungua mdomo kwa nguvu zake zote, na hewa ikatoka shingoni, fyuu, basi. Akapiga makofi. Alikusudia mawili, lakini kwa hofu yakamtoka mengi, mfululizo, na makofi mengi hayakuwa na maana yoyote katika mapatano yao. Mkewe akacheka.

"Nakuja, nakuja. Mbona una haraka hivyo?"

Akayafuata makofi. Mnadi alikimbia, mashuka mabichi yakamzinga uso, na alipojinasua sufuria ilikuwa chini na mkewe anapiga kelele. Maji yalimwagika kwenye muundi na vidole vya mguu wa kulia. Ngozi ilijikunja kama utando wa maziwa.

Kwenye kituo cha afya walimfunga mguu wakampa dawa, wakasema mtu mwenye sukari kama yeye lazima kidonda kitazamwe kila siku. Alirudishwa nyumbani akalazwa kitandani. Mnadi alikaa kwenye kiti pembeni ya dirisha, akaacha kupiga makofi. Hakupiga moja, hakupiga mawili. Chakula alikigusa kwa kijiko akakirudisha.

"Wifi," mgonjwa aliuliza, "yumo humu ndani?"

"Yumo. Amekaa kwenye kiti."

"Mwambie simlaumu. Nilikuwa nacheka, mjinga mimi, sikusikiliza vizuri."

"Anakusikia, wifi."

"Anasikia. Mimi ndiye simsikii." Akageuza uso ukutani. "Sijui kama mnaelewa. Giza nilishalizoea. Hili la sasa siliwezi."

Mnadi alisikia yote hayo. Uso wake haukubadilika. Hilo ndilo lililomtisha dada yake kuliko kilio.

Kesho yake Mama Risasi aliweka pembeni redio zote za wateja, akageuza kibao cha mlangoni upande ulioandikwa pamefungwa. Hakuweza kufufua bodi ile, lakini alijua kazi iliyokuwa ikifanya: kupiga mapigo ya haraka ya umeme na kuyapeleka kwenye kile kichwa kitetemeke. Hiyo ni kazi ya chipu ndogo ya miguu minane, ya aina aliyoitoa kwenye kengele ya mlango iliyokufa, pamoja na transista moja ya nguvu kutoka kwenye redio na vikorokoro vingine vya boksi la kiwandani. Aliviunganisha mezani kwa waya, akakibana kichwa kwenye shingo yake mwenyewe, akazuia pumzi, akachezesha midomo. "Kaka," kile kitu kikasema. Alikaa chini akafuta miwani.

Lakini kilichosema kilikuwa kiota cha waya kilichojaa sinia, na kukigusa tu kilinyamaza. Mnadi angekibebaje? Ilibidi vyote viingie ndani ya ganda la Nyuki, lenye upana wa vidole viwili. Ilibidi achore njia zote za umeme kwenye kipande kidogo cha shaba, azifunike zisidhurike, halafu dawa iile shaba iliyobaki wazi. Kiwandani kazi hiyo ilifanywa na mashine kwenye chumba kingine. Yeye aliizoea bodi ikiwa tayari imekwisha kutengenezwa, akitafuta makosa ya wengine.

Alianza kwa njia aliyosikia wanafunzi wa ufundi wakiitumia. Alichora mchoro, akaenda duka la fotokopi wakauchapa kwenye karatasi ya gazeti inayong'aa. Akausugua uso wa shaba kwa msasa laini, akaufunika kwa karatasi ile, akapiga pasi ya nguo juu yake mpaka wino wa unga ukayeyuka na kuhamia kwenye shaba. Aliloweka, akabandua karatasi kwa kidole gumba. Michirizi myeusi ilionekana imeshika. Akamimina dawa kwenye trei ya plastiki. Ilikuwa ya kahawia nzito, rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni, na ilikuwa imekaa miaka mingi. Imechoka. Ilikula shaba kwa uvivu, na katika kungoja kule wino ukaanza kuachia kingoni. Alipotoa bodi, njia nusu zilikuwa zimeliwa. Ungedhani panya wamepita.

Alibaki na kipande kimoja cha bodi tupu, saizi ya biskuti, na chupa moja ya dawa ambayo haikuwa imefunguliwa. Alizunguka mjini kuuliza. Duka la vifaa vya umeme hawakuwa nayo. Duka la kemikali walimuuliza anataka ya nini, na alipowaeleza wakamtazama kama mtu anayetengeneza bomu. Alirudi na vumbi miguuni.

Mgonjwa alikuwa na homa siku hiyo. Kidonda kilikuwa kimeanza kutoa harufu kidogo, na muuguzi aliyekuja kukitazama alisema neno "kulazwa" kwa sauti ya chini, akisahau kwamba asiyeona husikia zaidi.

"Wifi," Mama Risasi alimwambia baada ya muuguzi kuondoka, "naomba rangi yako ya kucha."

"Unataka kuolewa tena?"

"Nataka kuchora bodi. Wino wa karatasi umenitupa."

Mgonjwa alitoa pumzi iliyokaribia kuwa kicheko. "Iko kwenye droo. Chukua yote. Aliyekuwa ananipaka amegoma."

Kwenye kiti, Mnadi alitazama sakafu.

Asubuhi iliyofuata, karakana, mlango wa chumba cha nyuma ukiwa wazi, Mama Risasi alichora kwa sindano ya kushonea, akichovya ncha kwenye rangi nyekundu na kuivuta juu ya shaba, njia moja baada ya nyingine, akishikilia mkono wa kulia kwa wa kushoto usitetemeke. Mstari ukivimba aliukwangua kwa wembe. Mistari miwili ikigusana aliitenganisha na kuanza upya. Shingo ilimkakamaa. Hakuthubutu kugusa shaba kwa kidole, maana mafuta ya ngozi yangeizuia dawa. Mchana ulipogeuka, rangi ilikuwa imekauka.

Akafungua chupa ya mwisho. Akamimina kiasi kwenye trei, akaiketisha trei ndani ya beseni la maji ya moto ili dawa ipate nguvu, akazamisha bodi. Kazi iliyobaki ni moja tu, lakini haitaki kuachwa: kuitikisa trei taratibu, mbele na nyuma, ili dawa isituame. Ikituama inakula sehemu moja na kuacha nyingine. Chupa aliiacha mezani, nusu imejaa, kifuniko hakijakazwa.

Alitikisa mpaka akaona rangi ya shaba inaanza kufifia. Ndipo chumba cha nyuma kikatoa kishindo, na wifi yake akaita.

Alimkuta sakafuni. Alikuwa amejaribu kwenda chooni bila kumwita mtu. Bandeji ilikuwa imevutika na kidonda kiko wazi. Mama Risasi alimnyanyua, akamfikisha, akamrudisha, akamfunga upya, huku nusu ya akili yake iko kwenye trei. Hakukumbuka kutazama kiti cha dirishani. Alipokumbuka, kilikuwa kitupu.

Alirudi karakana kwa mbio. Mnadi alikuwa amesimama penye meza. Mkono mmoja ulikuwa umeshika chupa. Vidole vilikuwa vya kahawia, kidevu kilikuwa na doa la kahawia, na kifua cha shati kilikuwa na matone.

Dada yake hakuuliza. Nani angemjibu? Alimpiga mkono, chupa ikaruka, ikagonga ukuta, dawa yote iliyobaki ikaenea sakafuni. Akamkamata shati, akamburuta mpaka kwenye ndoo, akachota maji kwa kikombe akamsukumia mdomoni, anamwambia tema, tema, kaka tema, na maji yakatiririka kidevuni, yakashuka shingoni, yakaingia kwenye tundu. Mnadi akakohoa kwa shingo, sauti mbaya ya mtu anayezama nchi kavu. Macho yalimtoka. Alimshika dada yake mikono yote miwili, akaibana ikatulia, huku maji yanamrukia kwenye kola. Kisha akatikisa kichwa. Akafungua mdomo wazi kabisa, kama mtoto kwa daktari, amwonyeshe.

Ulimi ulikuwa safi. Meno yalikuwa safi.

Akamgeuza kuelekea mezani akamwonyesha trei. Kwa mikono miwili alifanya ishara: mbele, nyuma, mbele, nyuma.

Mama Risasi alikaa chini palepale, kwenye sakafu iliyolowa, miguu imenyooka mbele. Aliposimama, bodi ilikuwa imekaa kwenye trei bila mtu wa kuitikisa muda wote wa vurugu ile. Aliitoa kwa koleo ya plastiki, akaisuuza, akaikwangua rangi. Shaba isiyotakiwa ilikuwa imekwisha yote, na hilo lilikuwa zuri. Lakini upande mmoja dawa ilikuwa imetambaa chini ya rangi, njia mbili zimekatika na ya tatu imebaki uzi. Dawa nyingine haikuwepo. Ilikuwa sakafuni, imechora saruji ramani ya kahawia ambayo haikutoka tena.

Alimenya waya laini ya spika, akatoa nyuzi zake za shaba, nyembamba kama nywele, akazilaza juu ya mapengo moja moja na kuzigandisha kwa risasi. Mnadi alimshikia taa. Alitoboa matundu kwa kidrili cha mkono, akapanda vifaa, akakata miguu iliyozidi. Bodi ilikuwa mbaya. Kiwandani angeitupa bila kuitazama mara mbili. Akaiingiza kwenye ganda, akaunganisha kichwa, akaweka betri, akampa kaka yake.

Mnadi hakukichukua mara moja. Alikitazama. Kisha akakibana shingoni akabonyeza, na chumba kikajaa mvumo mzito, wa chini kuliko ule wa kwanza, kama gari linalopasha injini nje.

"Ahsante," kikasema.

Akaenda nacho chumbani kwa mkewe. Mama Risasi alimfuata mpaka mlangoni. Mgonjwa aliusikia mvumo, akajiinua kwa viwiko, akavuta shuka mpaka shingoni.

"Nani huyo?"

"Mimi."

"Wewe nani? Wifi, nani ameingia humu?"

Mnadi alishusha kifaa. Akakipandisha tena. "Mimi, mume wako."

"Siyo sauti yake," alisema, na sasa alikuwa analia. "Wifi, mbona unaniletea mtu?"

Kwa mtu asiyeona, sauti ndiyo uso, na huyu alikuwa ameletewa uso wa mgeni. Mama Risasi alichukua bisibisi ndogo kuliko zote, akapiga magoti kando ya kitanda. Kwenye bodi alikuwa ameweka kijiskrubu cha kupandisha na kushusha mvumo, kwa sababu hakuwa na hakika na hesabu zake.

"Wifi, sikiliza. Ni yeye. Utaniambia unavyomkumbuka. Kaka, sema lolote, usinyamaze."

"Niseme nini?"

"Nadi kitanda."

Basi mzee yule, ambaye siku kadhaa hakumpa mkewe ishara yoyote, alisimama katikati ya chumba akaanza kunadi kitanda alicholalia mkewe. Mbao ngumu, alisema, godoro la wastani, kilalio cha mwanamke mkaidi, nani anaongeza. Dada yake akazungusha kijiskrubu.

"Juu," alisema mgonjwa. "Juu tena. Hapana, hapo umemfanya mbu. Shusha. Kidogo. Kidogo tena."

Mvumo ukapanda, ukashuka, ukatafutwa.

"Hapo," akasema. Akasikiliza. "Siyo kabisa. Lakini hapo."

Akanyoosha mkono hewani, na Mnadi akauchukua.

Hadithi ingeweza kuishia pale, na Mama Risasi alipokuwa akiisimulia kwa wateja aliimalizia pale. Lakini kulikuwa na jambo lililomkaa moyoni. Mtu anayetikisa trei hahitaji chupa mkononi, na doa la kidevuni halikutoka kwenye trei. Alilibeba jambo hilo mpaka asubuhi moja waliyobaki wawili karakana, akamuuliza bila kumtazama, akijifanya anapanga rezista.

"Kaka. Siku ile uliifuata chupa?"

Mnadi alimgeuzageuza Nyuki mkononi kabla ya kumpandisha shingoni.

"Ndiyo," alisema hatimaye. "Chupa ndiyo niliyoifuata. Niliifikisha mdomoni." Kifaa kikanyamaza, kikarudi. "Nikaona trei imesimama. Nilikutazama ulivyochora tangu asubuhi. Nikasema, itaharibika hii. Nikaanza kuitikisa kwa mkono mmoja. Chupa nikasahau kuiweka chini."

"Na kama ningechelewa kurudi?"

"Sijui."

Aliposema hivyo hapakuwa na namna ya kujua alimaanisha nini. Nyuki hakuwa na uwezo wa kutetemeka kwa huzuni wala kwa aibu. Mvumo ulikuwa uleule alionadia kitanda. Ilibidi dada yake amtazame usoni, na alipomtazama alimkuta mtu aliyechoka sana, mzee kuliko alivyodhani.

Kutoka chumba cha nyuma sauti ya mke ikaja, tulivu.

"Nimesikia."

Kaka na dada wakatazamana.

"Njoo," sauti iliendelea. "Wewe wifi, baki huko huko."

Mnadi aliingia, akafunga mlango. Mvumo ulianza kule ndani, ukanyamaza, ukaanza tena, ukanyamaza kumpisha mwanamke aliyekuwa akiongea chinichini. Mama Risasi hakutega sikio. Mteja mmoja alikuja dirishani na redio yake, akaambiwa arudi kesho.

Mguu ulikaa muda mrefu bila kupona. Walimlaza kweli, wakamkata vidole viwili vya mguuni, wakamrudisha na fimbo. Nyuzi za waya kwenye bodi ziliachia mara mbili, na kila mara nyumba ilinyamaza ghafla na Mama Risasi akaacha kila kitu akakimbia na kichomeo. Baadaye fundi wa kuchonga vibao vya majina alimgawia dawa kidogo, akatengeneza bodi nyingine iliyonyooka zaidi, akaifunga kwenye plastiki iwe akiba. Dawa iliyobaki aliifungia kwenye kabati la chuma, na ufunguo akauvaa shingoni.

Usiku hakulala vizuri tena. Mvumo ulipita ukutani kutoka chumba cha pili, mara mrefu, mara mfupi, watu wawili wazima wakibishana kuhusu dirisha lifunguliwe au lifungwe. Ulipokatika alifumbua macho gizani, akangoja uanze tena.